Zamu ya Desemba

Wamama, wababa, aksanti kwa kunipa nafasi tena. Wanaonijua wanajua nimekuja kuomba nini: zamu ya Desemba ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, apewe yule aliyeanguka kimaisha, anunue chombo chake cha kazi. Tangu benki za hapa Goma zifungwe Januari 2025, ni nani humu hajakopa chumvi kwa jirani?

Nirudie ya Buhene, pale kaskazini mwa mji. Usiku ule wa 22 Mei 2021, moto wa volkano ya Nyiragongo uliposhuka, rafiki yangu alikimbia na watoto wanne na godoro moja. Mume wake ni mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alikuwa akiteremsha viazi na kabichi kutoka Kibumba. Nyumba ikafunikwa, chukudu ikaungua. Desemba ikawakuta mtaa wa Ndosho, watu tisa katika chumba cha shemeji. Baba anabeba magunia ya watu soko la Virunga, jioni anaingia kimya. Rafiki yangu akaniambia: “Dada, watoto wameacha kuniuliza kesho tutakula nini. Hilo ndilo linaniogopesha.” Sikulala.

Likelemba yetu ilikuwa na watu 12, na zamu ya Desemba ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshaipangia vikwembe, yaani vitenge, na viatu vya watoto. Nikawaomba wenzangu tumwingize yeye, achukue kwanza, alipe baadaye. Wengine wakasema mpelekee mchele na mafuta, inatosha. Mimi sikatai mchele! Mwenye njaa haambiwi subiri. Lakini mchele wa tarehe 25, tarehe 27 umeisha, na baba bado anakaa mlangoni akitazama mikono yake.

Fundi akachonga chukudu ya mkaratusi, magurudumu akayavisha mpira wa tairi kuukuu. Tarehe 23 yule baba akapanda Kibumba. Mkesha wa Noeli akashuka na mzigo wa watu, juu yake kifuko cha viazi vyake mwenyewe. Wakala viazi, sombe ya majani ya mhogo, na sambaza kidogo, vile visamaki vya ziwani. Nguo mpya hakuna hata moja. Wakiwa bado wanalamba vidole, kitinda mimba akauliza: “Mama, na kesho tutakula nini?” Rafiki yangu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Swali lilikuwa limerudi!

Najua kuna anayesema moyoni: akitoroka na pesa? Jamani, huyu alilipa kila juma mpaka akamaliza. Mtu anayekaa kati ya majirani, deni lake wanalijua wote, atatorokea wapi? Wangapi tumewakopesha wenye nyumba kubwa, na mpaka leo tunazungushwa?

Nilitaka kusema pia juu ya ada za shule za Januari, lakini padri ananitazama. Neno moja tu: changeni mkononi, si kwa simu, pesa zisiliwe na makato.

Mama mwenye zamu mwaka huu amekubali kuiachia. Daftari liko kwa mweka hazina, pale mlangoni. Mstari wa Desemba hauna jina.