Maji Yaliyotulia: Mhadhara juu ya Mikondo ya Ufuoni na Kupwa na Kujaa kwa Bahari

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na naona baadhi yenu mmeanza kutabasamu kabla sijafungua kinywa. Nitalisema tena, kwa kuwa watu wangali wanaingia baharini mahali pale pale ninapowakataza, yaani penye maji yaliyotulia.

Mchukueni mzazi aliyefika ufuoni na watoto wake. Upande wa kulia mawimbi yanaumuka na kupasuka kwa povu jeupe, upande wa kushoto vivyo hivyo, na katikati pana kipande cha maji, upana wake mita 10 au 20, kisicho na povu, rangi yake imekoza, na juu yake viwimbi vidogo vinapigana bila mpango. Mzazi huyo, kwa nia njema kabisa, atawapeleka wanawe hapo katikati, na hapo ndipo ulipo mkondo, yaani maji yanayorudi baharini kwa nguvu. Mawimbi huvunjika penye kina kifupi, juu ya fungu la mchanga. Maji yanayosukumwa hadi ufuoni hayana budi kurudi yalikotoka, nayo hupitia penye wepesi, katika upenyo ulio kati ya fungu na fungu. Na kwa kuwa upenyo huo una kina, mawimbi hayavunjiki juu yake. Utulivu mnaoufurahia, basi, ni alama ya kina na ya maji yanayotoka. Simameni mahali palipoinuka, mtazame kwa dakika 10 kabla ya yeyote kuvua viatu. Mkiona povu, majani au mchanga uliotibuliwa ukielekea baharini, hamhitaji mtaalamu wa kuwaambia zaidi.

Najua yupo atakayejibu kwamba yeye ni mwogeleaji hodari. Mikondo mingi huenda nusu mita kwa sekunde au pungufu, lakini iliyo mikali huweza kupita mita 2 kwa sekunde. Pan Zhanle wa China, aliyeshinda mbio za kuogelea za mita 100, mtindo huru, katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alitumia sekunde 46.40, yaani takriban mita 2.15 kwa sekunde, tena ndani ya bwawa. Huyo hodari wetu, ambaye mara ya mwisho aliogelea wakati wa likizo iliyopita, anadhani atashindana na nini?

Wengine husema kwamba mkondo humvuta mtu chini. Sivyo. Humchukua juu kwa juu, ukampeleka nje ya eneo ambalo mawimbi huvunjika, na huko nguvu yake hupungua. Mikondo mingine huzunguka na kumrudisha mtu karibu na fungu. Kinachomzamisha ni kuukabili uso kwa uso mpaka pumzi zimwishie. Aliyenaswa alale chali, aelee, apunge mkono kuomba msaada, na akipata nafasi aogelee sambamba na ufuo kuelekea kwenye povu, lile lile alilolikimbia mwanzoni, kwa sababu chini yake ndiko kwenye kina kifupi. Akiona upande mmoja unamkatalia, ageukie wa pili. Nanyi mlio nchi kavu, msimfuate mikono mitupu, kwa maana mara nyingi anayezama ni yule aliyekwenda kuokoa. Iteni waokoaji, na mtupieni kitu kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko barabara.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake, kwa hiyo habari ya kupwa na kujaa nitaigusia tu. Maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, hivyo saa iliyokuwa salama juzi haiwezi kuaminiwa leo, tazameni jedwali la saa za kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali zaidi na hujaa juu zaidi kuliko wakati wa maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu. Bahari inapojaa kwa muda wa saa sita hivi, takriban nusu ya maji yote huingia katika saa ya tatu na ya nne, na ndipo wanaotembea miambani hukatiwa njia ya kurudi. Tena maji yakipwa, ule upenyo kati ya mafungu hubaki karibu kuwa njia pekee ya kutokea, na mara nyingi mkondo huzidi ukali. Habari ya rangi za bendera za tahadhari zinazopandishwa ufuoni niulizeni katika kipindi cha maswali.