Bampa Huanzia Kwenye Chesisi

Mhadhara kwa mafundi vijana, Ngamiani, Tanga

Shikamooni wazee mliotutangulia. Vijana wangu, hamjambo. Nashukuru mmefunga karakana zenu asubuhi hii kuja kunisikiliza. Najua fundi akilala nusu siku, jioni chungu cha nyumbani kinamuuliza.

Hili bampa mnaloliona juu ya stendi nimelishusha jana kwenye Land Cruiser ya mteja. Kabla hamjaligusa, kila mmoja ajijibu moyoni: nguvu yake iko wapi? Wengi wenu mtalitazama usoni, mtaligonga kwa kidole, kisha mtaniuliza ni pleti ya mili ngapi, yaani milimita ngapi za unene. Miaka yangu ya mwanzo nami nilipima hivyo, kwamba pleti nene ndiyo bampa zuri. Nilikosea, na kosa lile nusura liue mtu.

Ilikuwa masika, barabara ya Muheza kwenda Amani, ukishapita Sigi. Mnaijua njia ile, udongo mwekundu ukilowa huwa sabuni. Gari nililolifunga bampa lilizama hadi ekseli. Bampa lenyewe lilikuwa la mili 6, nikilionea fahari, na usoni nilikuwa nimelichomelea pete ya kuvutia. Likaja lori la majani ya chai, tukafunga mnyororo. Mvuto wa kwanza gari likatikisika tu. Wa pili nikasikia mlio kama tawi kubwa linavunjika. Pete iling'oka na weldi yake, ikafuata mnyororo, ikapasua taa ya nyuma ya lori. Kijana mmoja wa pale kijijini alikuwa amesimama hatua mbili kando ya taa ile.

Pleti yangu ya mili 6 haikupinda hata kidogo.

Niliiokota ile pete, ninayo mpaka leo, itazameni ikipita mkononi. Upande mmoja weldi imepangika vizuri kama magamba ya changu. Ugeuzeni upande wa pili: chuma ni laini, kinang'aa, hakikuyeyuka. Weldi ilikaa juu kama uji uliomwagika mezani. Nilitumia moto mdogo nikihofia kutoboa, na nilichomelea rangi ikiwa bado ipo.

Gari la tani mbili likizama hadi ekseli, nguvu ya kulinasua inaweza kukaribia uzito wake wote. Nguvu hiyo lazima ifike kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Ukiipitisha kwenye uso wa bampa, umeitegemeza kwenye kamba moja ya weldi inayobanduliwa kama gamba la mti. Kwa hiyo siku hizi naanza nyuma kwenda mbele. Kwanza natengeneza miguu miwili ya pleti ya mili 10, inayokaa kwenye ncha za chesisi na kutumia matundu aliyoyatoboa aliyeunda gari. Bolti ziwe za mili 12 zenye alama ya uimara 8.8 kichwani, na washa pana. Chesisi yenyewe usiichomelee. Moto unakilegeza chuma pembeni mwa weldi, na ufa huanzia hapohapo. Kisha ulimi wa pete naukata kwenye pleti nene, naupitisha kwenye tundu usoni mwa bampa, urudi nyuma hadi kwenye mguu, nauchomelea pande zote mbili. Hapo pete inavuta chesisi, na uso wa bampa umekaa kando na mvutano.

Na siku ya kunasuana, tandaza gunia bichi la mkonga katikati ya mnyororo au waya, na watu wote wakae mbali. Gunia likiwa pale, waya ukikatika hauruki kwa kasi ileile.

Sasa huo unene. Pleti ya mraba wa mita moja, mili 4, ina kilo 31 na ushei. Ya mili 6 ina kilo 47. Bampa zima la mbele hula mraba wa mita moja na kitu, kwa hiyo kuchagua 6 badala ya 4 ni kama kumkalisha mtoto wa darasa la kwanza juu ya boneti kila siku ya Mungu. Na uzito huo unaning'inia mbele ya ekseli. Chukueni gari lenye mita 2.8 kati ya ekseli na ekseli, bampa la kilo 50 likitangulia sentimita 80 mbele ya matairi. Springi za mbele hazibebi 50. Zinabeba kama 64, na za nyuma zinapunguziwa kama 14, sawa na ubao wa kubembea. Gari linainama pua, taa zinamulika miguu yako, breki ya ghafla inalidumbukiza. Kwangu mimi mili 4 inatosha, na ikikunjwa vizuri hata mili 3 inatosha. Mkunjo ndio unaokipa chuma ubavu. Bati la paa ni jembamba kuliko kucha, lakini migongo yake inabeba mtu.

Kabla ya chuma, maboksi. Nendeni madukani mkaombe maboksi ya friji, mkate bampa zima kwa kisu, mlifunge kwa gundi ya karatasi garini. Geuzeni usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto, muone kama tairi linagusa. Vuteni uzi kutoka sehemu ya tairi inayogusa ardhi hadi ncha ya chini ya bampa. Uzi huo ukilala karibu na ardhi, gari litagonga kila kilima cha Mlalo kabla tairi halijaanza kupanda. Acheni nafasi ya upepo kuingia kwenye rejeta. Namba na indiketa zionekane. Na pembe, vijana wangu, zikunjeni zirudi nyuma, ukingo wote upigwe tupa hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa. Mji huu ni wa baiskeli. Anayekutana na bampa lako asubuhi ni mwanafunzi, au mama aliyebeba samaki.

Kuchomelea nitasema machache, mengine mtayaona kwa vitendo. Toeni waya hasi wa betri, klampu ya athi ikae karibu na mnapochoma. Garini shikizeni kwa nukta za weldi tu, kisha shusheni bampa na miguu yake ikiwa imefungwa kwenye nondo nene. Choma sentimita tano hapa, hamia ng'ambo, rudi. Weldi ikipoa hunywea na kuvuta chuma. Ukichoma upande mmoja moja kwa moja, bolti hazitaingia tena. Vijiti vya kuchomelea vya namba 7018 vina nguvu kwenye miguu na pete, ila havipendi unyevu, na pwani yetu hii ni unyevu mtupu. Pakiti iliyokaa wazi wiki nzima kwenye rafu msiitumie kazi ya kuvutia gari.

Na bomba la maji lililopakwa zinki msilichomelee hivihivi. Moshi wake mweupe unaleta homa usiku, baridi na viungo kuuma, mtu anadhani ni malaria. Wapo wanaokunywa maziwa wakidhani yanasafisha, lakini maziwa hayaondoi kitu mapafuni. Sageni zinki itoke kwanza, kaeni upande upepo unakotoka.

Gari jipya lenye mifuko ya hewa ya kukinga abiria ni habari nyingine. Mbele ya chesisi yake kuna visanduku vyembamba vilivyowekwa makusudi vijikunje, na vihisio vinavyopima mshtuko. Ukivikata ukaweka pleti ngumu, mfuko unaweza kufunguka wakati usio wake. Mteja wa gari la namna hiyo mimi namwambia ukweli, na wengine wameondoka kwa hasira. Waende salama.

Mwisho ni kutu. Upepo wa bahari unaingia palipofungwa na hautoki, basi toboeni vitundu vya kutolea maji chini kabisa, rangi nyekundu ya kuzuia kutu ipite ndani kabla ya nje. Mteja akitoka Pangani ufukweni, aoshe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo. Baada ya safari ya kwanza arudi mkaze bolti. Mimi huchora mstari wa rangi juu ya nati na pleti, ukiachana najua imelegea.

Haya, wawili waje tulipindue hili. Nataka muuone mgongo wake kwanza.