Umeme Unaliwa na Vumbi

Mabibi na mabwana, nianze na swali. Kwenye kiwanda cha kuchenjua dhahabu, nani anakula umeme zaidi: karasha linalovunja mwamba, au kinu cha mipira ya chuma kinachosaga mchanga? Naona mikono mingi kwa karasha. Sawa, lina makelele, ila mlaji mkuu ni kinu.

Mwaka 1952 Mmarekani Fred Bond alitoa kanuni ambayo bado tunaitumia. Nguvu ya kusaga hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha ukubwa wa punje. Chukueni mwamba wenye ugumu wa 15 kwa kipimo chake, unaoingia kinuni ukiwa na punje za maikroni 10,000, yaani sentimita moja. Kuushusha hadi maikroni 100 kunataka uniti 13.5 za umeme kwa tani. Hadi 64? Uniti 17.25. Sasa mwambieni fundi wa karasha avunje zaidi, kinu kipokee 6,400 badala ya 10,000. Mmeokoa 0.375 tu! Maikroni 36 za mwisho zimegharimu mara kumi ya zile 3,600 za mwanzo.

Basi tusage mpaka wapi? Unga ukilainika, sianidi, ile kemikali inayoyeyusha dhahabu, huifikia dhahabu zaidi, ila nyongeza hiyo hupungua kadiri unavyosaga. Tunasimama pale shilingi ya mwisho ya umeme inaporudi na shilingi moja ya dhahabu. Hiyo ni hesabu ya kidato cha sita.

Kichwa kinauma tukifika kwenye mashine. Saikloni, chombo kinachotenganisha punje nene na laini kwa kuzizungusha, hurudisha punje nene kinuni, na zinazorudi mara nyingi huuzidi mwamba mpya mara mbili au zaidi, kwa hiyo kinu na saikloni lazima vikokotolewe pamoja. Tena hesabu ikisema vinu 2.4, nani atakuuzia sehemu ya kinu? Hapo tunawashukuru watafiti wa hisabati Ailsa Land na Alison Doig, waliotuonyesha njia mwaka 1960: igawe njia panda, vinu viwili kushuka na vinu vitatu kupanda, kokotoa kila upande, na tawi lisiloweza kushinda jibu ulilokwisha kupata likate.

Ila ile 15 ya ugumu wa mwamba imetoka maabara, kwenye magunia machache ya mawe. Mimi hurudia hesabu kwa 12 na kwa 18. Jibu likiruka kutoka vinu viwili hadi vitatu, nawaambia wenye mgodi wamwage zege la msingi wa kinu cha tatu mapema, kinu chenyewe kisubiri.