Nakimbia kilomita nne kwenda kuhamisha kitanda cha mtu

Haya, sauti inafika? Ngoja nijibanze hapa kwenye kituo cha basi, upepo wa huku hauna adabu. Sasa sawa. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo vipi. Ni mimi yuleyule, mtoto wa Tanga, mbeba boksi wenu wa Bristol, Uingereza. Saa hivi ni kumi na moja na robo jioni, na giza mnaloliona nyuma yangu si usiku, ni Januari.

Wengi mmeniuliza tumbo limekwenda wapi. Mama mkubwa ndiyo kabisa, alipiga simu usiku wa manane akitaka kujua kama naumwa au nimekosa hela ya chakula. Siumwi, mama mkubwa, na nakula. Leo nawaeleza, ni habari ya kundi la watu wanaokimbia kwenda kusaidia wengine, ila itabidi mnivumilie, kwa sababu njia yenyewe imezunguka kidogo.

Mnajua kazi yangu. Ghala, huko Avonmouth, zamu ya usiku. Unaingia saa nne, unatoka alfajiri, njiani unapitia chipsi, unalala mchana kama popo. Miaka miwili ya maisha hayo nikawa siwezi kufunga kamba za viatu bila kushika pumzi. Nikaenda kupima presha. Nesi akatazama mashine, akanitazama mimi, macho ya mwalimu wa zamu kabisa, akaniambia nitafute mazoezi.

Nikajiunga jimu. Jina silitaji. Nilikwenda mara tano, nyingi sita, nikawa napanda ule mkanda nakimbia palepale nikitazama ukuta. Nilipojitoa, waliendelea kukata hela kwenye akaunti yangu miezi mitatu. Hapo ndipo nilipofanya mazoezi hasa, ya kupiga simu.

Basi kuna dada mmoja kazini, Mwingereza, mtu wa maneno machache. Akaniambia njoo na viatu tu, hulipi, tunakimbia, tunafanya kazi, tunarudi. Nikauliza kazi gani. Akasema wiki hii ni kuchambua makopo kwenye stoo ya kanisa, wanapogawa chakula kwa familia zilizoishiwa. Jamani. Mtu nimetoka kubeba boksi usiku kucha kwa mshahara, nikabebe mengine bure, tena nikimbie kuyafuata? Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikaenda hivyohivyo, kwa ubishi.

Kundi lenyewe linaitwa GoodGym. Si la Bristol peke yake, liko zaidi ya maeneo 50 Uingereza hii. Alilianzisha kijana mmoja wa London Mashariki, Ivo Gormley, mtu wa kutengeneza filamu, mnamo mwaka 2008 hivi. Yeye jimu zilikuwa zinamkera kwa sababu moja tu, kwamba watu wanalipa hela ili wamwage nguvu zao pasipo kitu chochote kusogea. Na jirani kuna mzee hawezi kutoka nje, anahitaji mtu wa kumletea gazeti. Akaunganisha. Akawa anakimbia kumpelekea mzee gazeti, wanapiga soga kidogo, anakimbia kurudi. Basi.

Najua watu wa Dar mshaanza kunyanyua mikono huko. Ndiyo, jogging tunazo. Mtu aliyekaa Temeke au Mbagala anajua, Jumapili alfajiri unaamshwa na mchakamchaka, vijana kwa kina mama, fulana sare, ngoma mbele, na siku nyingine wanamalizia kwa kufagia soko au kuchangia damu. Na mbio za kuchangisha hela tunazo pia, CRDB Marathon imelipia watoto matibabu ya moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sisemi Wazungu wamevumbua kitu. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, sikuusikia huku, niliukuta kwa bibi yangu. Ila kuna jambo dogo ndani ya hili lao ambalo kwetu sikuwahi kuliona, nitalifikia.

Siku ya kwanza tulikimbia kilomita tatu. Wao wanaongea huku wanakimbia, mimi nahema kama pasi ya mkaa. Tukafika kwenye stoo, tukapewa makopo ya maharage, supu, samaki, kazi ni kusoma tarehe ya kuharibika na kuyapanga, yanayokaribia kuisha muda mbele. Dakika arobaini. Na hapo, ndugu zangu, mbeba boksi akawa mfalme. Wahasibu na walimu wanapanga makopo kama wanapanga vitabu, mimi nimeshamaliza rafu mbili, nawaonyesha jinsi ya kuinua bila kuvunja kiuno. Kurudi nilikuwa wa mwisho. Lakini hakuna aliyenicheka, maana ndiye niliyewamalizia kazi.

Baada ya hapo nimechimba bustani ya jamii kule Easton, nimesukuma toroli la vipande vya miti, nimeokota takataka kando ya mto. Hii ya takataka Waswidi wameipa hadi jina, plogging, ilianzia Stockholm mwaka 2016. Mimi siipendi. Unainama, unakimbia, unainama, mgongo unakuuliza una nini na mimi. Napenda kazi ya toroli.

Halafu kuna zile wanazoziita misheni. Msicheke, si mishentauni ya Kariakoo. Misheni ni mzee mmoja ana shida moja, mnakwenda watu wawili watatu, mnaimaliza, mnaondoka. Yangu ya kwanza ilikuwa kitanda. Bibi wa miaka themanini na kitu, yuko hospitali, nyonga imevunjika. Madaktari wamemaliza kazi yao, anaweza kurudi nyumbani, ila chumba chake kiko ghorofani na ngazi hawezi. Kwa hiyo mtu mzima anabaki amelala wodini, kitanda cha hospitali kimezibwa, kisa kitanda chake cha nyumbani kiko juu badala ya kuwa chini. Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza kwanza.

Tukakimbia kilomita nne mvuani, nyumba yenyewe iko Totterdown. Totterdown ni mlima, nisikilizeni, kuna mtaa pale unaitwa Vale Street, unasifika kuwa ndio mtaa wa makazi wenye mwinuko mkali kuliko yote England. Hatukupita huo, tulipita jirani yake, na bado nilimkumbuka kila niliyemkosea. Binti wa yule bibi akatufungulia. Mimi kwa malezi yangu nikavua viatu mlangoni. Wenzangu wakaniona, nao wakavua. Hapo ndipo soksi yangu ya kushoto ikaamua kumtoa kidole gumba hadharani. Nikafanya kazi yote ile nimekikunja.

Kitanda kilikuwa cha mbao nzito, cha zamani. Godoro likashuka vizuri. Fremu ikagoma kwenye kona ya ngazi, ikabidi tuifungue, na kale kaspana kadogo kalikopinda hatuna. Binti akapekua droo saba jikoni. Akakapata ndani ya kopo la vifungo. Tukafungua, tukashusha, tukafunga sebuleni, tukakisogeza mpaka bibi akilala aione barabara kupitia dirishani, maana aliagiza hivyo toka hospitali, kwa simu, tena kwa ukali. Nilipenda ule ukali. Wakati wa kuondoka binti akasema, samahani, taa ya ukumbini iliungua tangu kabla hajaanguka, mnaweza? Mimi mrefu, sikuhitaji hata kiti. Nikabadilisha balbu. Sekunde kumi. Ile balbu mniwekee kando, tutairudia.

Sasa lile jambo dogo nililosema.

Ukishakuwa mwenyeji wa kundi unaweza kupangiwa mzee wako wa kudumu, unamkimbilia kila wiki. Si hivihivi. Wanakuchunguza kama una rekodi ya makosa polisi, unajaza fomu, unangoja. Mimi mwanzo ilinichoma. Nimzuru mzee, niombe kibali? Baadaye nikaelewa, mlango wa mtu anayeishi peke yake haufunguliwi ovyo. Lakini sikilizeni wanavyomwita huyo mzee. Hawamwiti anayesaidiwa. Wanamwita kocha. Yaani yeye ndiye anayekukimbiza wewe. Usipotoka nyumbani, kuna mtu anakungoja, na hilo ndilo linalokuvalisha viatu siku ya baridi. Kwa hiyo hesabu imegeuka, unayedaiwa shukrani ni wewe.

Mwanzo nikaona ni maneno ya Wazungu tu, mapambo. Mpaka nikampata kocha wangu.

Jina lake halitoki hapa, wala mtaa wake. Ni mzaliwa wa Jamaika, aliletwa hapa akiwa mtoto. Siku ya kwanza nimefika nimelowa, nasema nimekuletea gazeti, Mzee, yeye anatazama saa ya ukutani. "Umechelewa dakika nne." Hakuna karibu, hakuna pole. Wiki iliyofuata nikawahi, akasema nimewahi sana, chai haijachemka. Anaandika muda wangu nyuma ya kalenda kwa penseli. Nikipunguza hata dakika moja anatikisa kichwa taratibu, na ile ndiyo medali.

Tunacheza dhumna. Jamani, sikujua kwamba Wajamaika wanacheza dhumna kama sisi! Lile jiwe haliwekwi, linapigwa, paa, meza inaruka, chai inamwagika. Nilipolisikia mara ya kwanza nilifumba macho, nikajiona niko barazani Ngamiani, kwetu Tanga, baada ya alasiri, mjomba anamtukana mwenzake kwa heshima. Ananifunga kila wiki. Na huku anachanganya mawe ananisimulia. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya hapa ilikuwa haichukui watu weusi kuendesha wala kukata tiketi, ndipo kina Paul Stephenson na Roy Hackett wakaongoza mgomo wa kutopanda mabasi, miezi minne, hadi tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri. Mzee alikuwa na miaka kumi na miwili. Anachokumbuka ni viatu vya mama yake, namna soli zilivyoisha upande mmoja, kwa sababu alikuwa anatembea kwenda kazini na kurudi. Aliponihadithia akaviangalia viatu vyangu vya kukimbilia. Akauliza bei. Nikamdanganya, nikapunguza nusu.

Sasa kuna wanaonitumia ujumbe, "Wazungu wanawatupa wazee wao, ndiyo maana wanahitaji vikundi." Kwanza, kuna ukweli upande fulani, ila si upendo peke yake uliopungua. Tangu 2010 halmashauri za huku zimekatwa bajeti sana, huduma nyingi za wazee zimepungua, na mimi sipendi kazi iliyokuwa ya mtu mwenye mshahara igeuke kuwa ya mbeba boksi mwenye soksi mbovu. Hilo nalisema hata kundini, na wengi tunakubaliana.

Pili, turudi kwenye balbu.

Ile usiku nimerudi kutoka Totterdown nikampigia shangazi yangu Tanga. Kila mwezi namtumia hela, hata mara moja sijaruka, najisifu kwa hilo. Video ikafunguka, giza, namuona pua tu. Shangazi, umeme umekatika? Akasema, hapana baba, umeme upo, taa ya chumbani iliungua. Lini? Akafikiri. "Kabla ya Idi." Idi gani? Idi ilikuwa imeshapita miezi kadhaa. Nikamwambia shangazi, si ungesema nitume hela ya balbu? Akanijibu kwa upole kabisa, "Balbu ninazo tatu kabatini, baba. Hela si ulituma. Ni kupanda tu ndiyo siwezi."

Mimi niliyebadilisha balbu ya mtu nisiyemjua kwa sekunde kumi.

Hapo nyumbani majirani wapo, wajukuu wapo, kila mtu anapita, anamsalimia, shikamoo bibi, marahaba, anaendelea. Yeye hawezi kumwambia mtoto wa watu nipandie kwenye kiti, anaona haya, atasemwa mzee wa kuombaomba. Ndiyo maana nawaambia lile neno kocha si pambo.

Nikampigia mpwa wangu. Huyu kila Jumamosi yuko na wenzake, wanatoka Mkwakwani wanakimbia mpaka Raskazone, wanapiga picha baharini, wanarudi. Nikamwambia, Jumamosi pitieni kwa bibi yako, lakini msimwambie mmekuja kumsaidia. Mwambieni mnahitaji mtu mzima wa kuwatunzia muda, kwa sababu nyinyi wenyewe mnadanganyana. Akacheka, akaona mjomba kachanganyikiwa na baridi. Wakaenda.

Wiki nane sasa. Balbu ilibadilishwa siku ya kwanza. Siku ya pili kabati limesogezwa, ya tatu pipa la maji limepandishwa juu ya matofali. Na shangazi, mtu aliyekuwa haombi kitu, jana kanitumia sauti ya dakika sita. Analalamika. Kwamba wanakuja saa kumi na mbili asubuhi na nyimbo zao wanaamsha mtaa mzima, kwamba yule mwembamba anakimbia na simu mkononi, kwamba wawili Jumamosi iliyopita hawakutokea na hawakutoa taarifa, na uji wake ukabaki, na nimwambie mpwa wangu asimletee tena watu wasiokunywa uji.

Ngoja, simu inaita... Mnamuona? Ni Mzee. Saa kumi na moja na nusu imepita, na bado kuna kilomita mbili na nusu na kilima kimoja. Nakuja, Mzee, nakuja! Haya, nazima kamera.