Namba mbili wa Morocco, na mabeki wetu wa Tanga

Wagosi mpo? Habari za Tanga? Leo namleta mtu mmoja tu, Walid Regragui, kocha aliyeifikisha Morocco nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, na huyu jamaa namkubali sana kwa sababu alicheza namba mbili, beki wa kulia, nafasi ambayo pale Ngamiani mkigawana timu hakuna dogo anaitaka, kila mtu straika.

Kazaliwa huku huku Ufaransa, Corbeil-Essonnes, kusini mwa Paris, wazazi Wamorocco. Kacheza Toulouse, Ajaccio, kaenda Racing Santander kule Hispania. Timu ya taifa akachagua Morocco, AFCON 2004, Kombe la Mataifa ya Afrika, wakafika fainali Tunisia akawapiga 2-1.

Alipotundika daluga hakudandia timu kubwa, alianza kocha msaidizi wa timu ya taifa, ndo akapewa FUS Rabat, klabu ya kule kule Morocco, akatulia pale miaka, 2016 akawapa ubingwa wa ligi ambao klabu ilikuwa haijawahi kuuonja. Akapita Qatar, akarudi Morocco kuifundisha Wydad, 2022 wakamfunga Al Ahly 2-0 wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwisho wa Agosti hiyo hiyo anapewa timu ya taifa ya Morocco, Kombe la Dunia limebaki miezi mitatu jamani, na watu walikuwa wanamkejeli kipara chake eti kichwa cha parachichi!

Basi mpaka wanaingia nusu fainali wameruhusu goli moja tu, tena la kujifunga, beki wao Aguerd dhidi ya Canada. Itafuteni ile mechi ya Hispania muitazame upya, ila msiangalie mpira, angalieni mabeki, mpira ukienda kulia ukuta wote unasogea kulia, kiungo Amrabat mbele yao anaziba, Hispania wanapasiana dakika 120 wee hawaoni mlango. Penalti Sarabia kagonga mwamba, Soler na Busquets wote kipa Bounou kadaka. Ile ni akili ya beki.

Na sisi Tanga watu tunao. Juma Mgunda kacheza Coastal Union, kaja kuifundisha, 2022 kaifikisha fainali ya Kombe la FA pale Arusha, 3-3 na Yanga mpaka penalti, bado inauma. Lakini wako wapi wengine? Mabeki wetu wa zamani wamejaa vibarazani, mechi ya Mkwakwani ikiisha wanakuchambulia kosa la kila mtu na wanapatia, halafu cheti cha ukocha hawana.

Kaka zangu, nendeni kozi, anzeni na leseni D, ile ya ukocha ya ngazi ya mwanzo. Ikitangazwa hapo Tanga mnitumie ujumbe, ada ya mmoja wenu naibeba mimi.