Jinsi ya Kuhesabu Mwewe Wanaohama

Karibuni tena, watazamaji. Leo tuko Hawk Mountain, jimboni Pennsylvania, Marekani. Zamani watu walipanda hapa na bunduki kuwaua mwewe wakipita. Mwaka 1934 Rosalie Edge, mwanamke mtetezi wa ndege, alikomesha mauaji hayo, na vuli hiyohiyo ndege wakaanza kuhesabiwa.

Kwanza, chagua siku. Subiri baridi iingie na upepo uvume kutoka kaskazini-magharibi. Ukigonga ubavu wa mlima, upepo huo hupanda, nao ndege huteleza juu yake bila kupiga mabawa. Katikati ya Septemba hupita mwewe wa mabawa mapana. Novemba ni zamu ya tai wa dhahabu.

Beba mto wa kukalia, jaketi na maji. Mwamba huu haumhurumii mtu.

Ukishakaa, vipeni namba vilima vyote mnavyoviona mbele yenu. Mwenzako akisema "juu ya namba tatu", wote mnageukia hapo. Anza kwa macho matupu, kisha pitisha darubini taratibu juu ya mgongo wa milima. Anga la buluu tupu huchosha macho. Penye wingu jeupe, mwewe wa mbali huonekana kama tone la wino.

Sasa njooni kwenye kazi yenyewe. Tazameni pale: kundi linazunguka ndani ya hewa ya joto inayopanda, wanapishana, wanapandiana. Usihesabu! Utamhesabu mmoja mara tatu. Ngoja wafike juu kabisa. Wa kwanza atakunja mabawa kidogo na kuteleza kuelekea kusini, wengine watamfuata kwa foleni. Hapo bonyeza kihesabio: mmoja, mmoja, mmoja. Wakizidi, hesabu kumi, angalia hao kumi wamechukua nafasi gani angani, kisha pima foleni nzima kwa kipimo hicho.

Kila saa andika aina, idadi, upepo, joto na mawingu. Saa ikipita bila ndege, andika sifuri. Nawaomba sana, msiiruke. Ni hesabu za mlima huu zilizoonyesha kwamba tai wachanga wa aina ya kichwa cheupe walikuwa wakipungua enzi za DDT, dawa ya kuua wadudu, na mwandishi Rachel Carson akazitumia katika kitabu chake cha mwaka 1962. Anayeandika siku nzuri peke yake hawezi kuuona upungufu kama huo.

Haya, juu ya namba tatu kuna kitu. Inueni darubini.