Mwalimu Mweusi Haondoki kwa Sababu ya Watoto

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, habari za jioni. Wengi wenu mna watoto katika shule za umma hapa Marekani, na baadhi yenu mnafundisha humo humo, kwa hiyo historia nitaipitia mbio. Mnajua kwamba baada ya hukumu ya Brown mwaka 1954, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku kutenga shule kwa rangi, shule za weusi kule kusini zilifungwa, watoto wakahamishiwa shule za wazungu, na walimu wao wakaachwa nje. Walimu na walimu wakuu weusi wapatao 38,000, katika majimbo 17, walikuwa wamepoteza kazi kufikia 1965. Mnajua pia ya New Orleans baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005: wafanyakazi wa shule zaidi ya 7,000 waliachishwa kazi kwa mpigo, wengi wao weusi. Mwaka wa masomo 2020–21 walimu weusi walikuwa kama asilimia 6 ya walimu wote wa shule za umma, huku wanafunzi weusi wakiwa asilimia 15 hivi.

Kuwaajiri kunapigiwa debe kila mwaka. Kuwabakiza, kimya.

Nimelisema hili katika vikao vingi na leo nalisema tena: mwalimu mweusi haondoki kwa sababu ya watoto. Watafiti wa elimu Richard Ingersoll na Henry May walichambua takwimu za taifa na kuona kwamba kinachowatoa zaidi walimu wasio wazungu ni uendeshaji wa shule: mwalimu kunyimwa uhuru darasani mwake, na kutosikilizwa pale maamuzi yanapofanywa. Umaskini wa wanafunzi haukuwa jibu. Hata mshahara ulionekana kuwa na uzito mdogo kuliko hayo mawili. Basi ukimsikia mkuu wa shule za wilaya anasema "watoto wa siku hizi wanawashinda walimu," mwambieni hapana, tazama ofisini kwako.

Mwaka 2016 John King, akiwa Waziri wa Elimu wa Marekani, aliuita mzigo wa ziada anaobebeshwa mwalimu mweusi kodi isiyoonekana. Niwaonyeshe inavyokatwa, maana kila mtu anaitaja na wachache wameiona kwa macho.

Mwalimu wa sayansi ana kipindi cha maandalizi, dakika 45. Ameketi na madaftari 28 ya kusahihisha. Mlango unagongwa. Ni mtoto mweusi wa darasa la sita, wala si mwanafunzi wake, kashika kikaratasi: "Tafadhali zungumza naye." Kosa halikuandikwa. Saa ya kurudi haikuandikwa. Mtoto amevimba kwa hasira, dakika tano za kwanza hafungui mdomo. Mwalimu anaweka kalamu chini, anamvutia kiti. Anapomrudisha darasani, dakika 20 zimekwenda, na madaftari yatakwenda nyumbani usiku.

Sasa pigeni hesabu. Vipindi vitano vya dakika 45 ni dakika 225 kwa wiki. Mtoto akiletwa mara tatu, dakika 60 zimeliwa, zaidi ya robo. Mwaka wa shule katika majimbo mengi ni siku 180, yaani wiki 36. Hizo ni saa 36, karibu wiki nzima ya kazi, bila malipo na bila kuandikwa popote. Hapo sijagusa zamu za ukumbi wa chakula, kumpigia simu mzazi ambaye mwalimu mwingine anamwogopa, kamati ya usawa, na sherehe ya Februari, mwezi wa historia ya weusi, ambayo kila mwaka huangukia mabega yale yale.

Saa zenyewe ni sehemu tu ya hasara. Yule aliyemtuma mtoto hakujifunza kitu, kwa hiyo wiki ijayo atamtuma tena. Mtoto amekosa somo. Na mwalimu mweusi, hasa mwanamume, anazoea kujulikana kama mtu wa nidhamu. Mtafiti wa elimu Travis Bristol ameandika jinsi wanaume hawa wanavyogeuzwa askari wa shule. Nafasi ya mkuu wa idara ya sayansi ikitokea, jina lake halitajwi. Anatajwa pale wanapotafuta mtu wa kusimama korido.

Kuna atakayesema: mbona mwenyewe anakubali, tena watoto wanampenda? Anakubali kwa sababu akikataa, mtoto ataketishwa nje ya ofisi mpaka kengele, au atasimamishwa shule siku tatu. Usimwekee mtu uchaguzi wa namna hiyo halafu ukauita hiari. Mwingine ataniuliza kama ni lazima mtoto mweusi afundishwe na mweusi. Sijasema lazima. Nasema mtafiti Seth Gershenson na wenzake waliona kwamba mwanafunzi mweusi aliyefundishwa na hata mwalimu mmoja mweusi kabla ya kumaliza darasa la tatu ana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 13, wa kujiunga na chuo. Mtu wa faida hiyo hachezewi.

Shule ikisikia neno ustawi hukimbilia yoga ya Jumatano, keki na kadi za shukrani. Funika kombe mwanaharamu apite. Yoga yenyewe hupangwa baada ya saa za kazi, kwa hiyo nayo inakula jioni ya mtu.

Anzeni na kile kikaratasi. Kitengenezwe chenye sehemu tano: nani ametuma, saa ya kutoka, kosa, hatua ambazo mtumaji alikwisha kuchukua, na saa ya kurudi. Anakijaza mtumaji. Ukimpa mwalimu mweusi kazi ya kuhesabu, umemwongezea kazi ya pili, naye ataiacha wiki ya pili. Nakala iende ofisini siku hiyo hiyo. Baada ya wiki nne mwalimu mkuu akae na karatasi zote, azipange kwa jina la mtumaji na jina la mpokeaji. Mara nyingi ataona watumaji wawili watatu ndio wenye rundo, na hao ndio wanaohitaji mafunzo. Kisha itoke amri kwa maandishi: mtoto anayetolewa darasani haendi kwa mwalimu mwingine, anakwenda kwa mshauri nasaha au msaidizi wa mwalimu mkuu, ambaye ratiba yake ina nafasi hiyo. Amri bila mtu wa kuwapokea watoto haitafika Ijumaa. Jambo hili huanguka hapo: wanapiga marufuku kikaratasi, hawaweki mshauri, na mlango unagongwa vile vile.

Kazi inayobaki ilipwe. Kocha wa mpira ana posho iliyoandikwa kwenye mkataba wa chama cha walimu. Anayetafsiria wazazi na anayeendesha kamati ya usawa waandikwe kwenye jedwali hilo hilo, au wapunguziwe kipindi kimoja.

Muda unanibana, niharakishe. Kikundi cha walimu weusi kikutane ndani ya saa za kazi, mara moja kwa mwezi, na anayewapima kazi asiingie humo. Mwalimu mkuu aulize Oktoba, "nini kitakufanya ubaki?" Kungoja Juni mtu anapokabidhi funguo ni kuchelewa. Halafu kuna upunguzaji wa wafanyakazi: kanuni ya aliyeingia mwisho atoke kwanza huwakata wale wale mliohangaika kuwaajiri juzi. Katika mji wa Minneapolis, baada ya mgomo wa walimu wa Machi 2022, waliweka kwenye mkataba kifungu cha kuwakinga walimu wa makundi yenye uwakilishi mdogo, na kifungu hicho kimepingwa mahakamani. Kisomeni kabla ya kudai cha kwenu. Mitihani ya leseni na madeni ya chuo yanahitaji jioni nyingine.

Wazazi, kwenye mkutano wa bodi ya elimu mnapewa dakika mbili au tatu. Msizimalize kwa salamu. Ulizeni walimu weusi wangapi walianza Agosti, wangapi wamebaki, na wangapi kati ya walioondoka waliulizwa sababu. Majibu yaje kwa maandishi, shule kwa shule. Wakisema hawana takwimu hizo, waulizeni nani ataanza kuhesabu, na mwezi gani.